Pata za Ajabu na Mishiko ya Ajabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanagofu wa Uganda

Maswali haya ni yale yanayosikika kwenye grini za mazoezi (grini ni ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo) kuanzia Kitante, Kampala, hadi Entebbe, Jinja na Tororo, hasa mwisho wa wiki kunapokuwa na mashindano ya mwezi. Mtu akitoa pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, iliyo ndefu kuliko kawaida, au akishika fimbo kwa namna ambayo wenzake hawajaiona, kila aliye karibu anageuka mwalimu, na nusu ya wanayosema kuhusu kanuni si kweli. Tunajibu kwa kufuata kanuni zinazotumika sasa. Penye maoni yetu tutasema ni maoni. Hatuuzi fimbo.

Nitajuaje kama ninahitaji pata mpya, mshiko mpya, au mazoezi tu?

Tafuta kwanza unapokosea. Pati, yaani mkwaju unaopigwa kwa pata, hukosewa kwa njia tatu: mpira unaanza kwenye mstari usio wake, mpira unakwenda na kasi isiyofaa, au mteremko umesomwa vibaya. Vifaa na mishiko isiyo ya kawaida husaidia sana kosa la kwanza, husaidia kidogo la pili, na la tatu havigusi kabisa. Anayeacha pati zake ndefu futi sita kabla ya shimo hana haja ya kubadilisha mshiko. Apige pati za futi 30 na 40 mpaka mkono uzizoee.

Kosa la mwelekeo linapimika. Shimo la gofu lina upana wa inchi 4.25, yaani milimita 108. Ukisimama futi 3, mpira unaokwenda taratibu unaweza kupotoka nyuzi tatu na zaidi kila upande na bado ukaingia. Ukirudi hadi futi 10, nafasi hiyo inabaki takriban nyuzi moja. Kinachoamua sehemu kubwa ya mwelekeo ni uso wa pata pale unapogusa mpira, kuliko njia ambayo kichwa cha pata kimepita. Basi tafuta sehemu tambarare, chomeka tii mbili (vijiti vya kuwekea mpira) futi moja mbele ya mpira, pengo liwe kubwa kidogo tu kuliko mpira, kisha piga mipira kadhaa. Kwa anayecheza mkono wa kulia, akigonga tii ya kulia kila mara, uso wa pata unafika ukiwa wazi, yaani umegeukia kulia, na hilo mara nyingi hurekebishika kwa kubadilisha jinsi anavyosimama na kulenga. Akigonga ya kulia, kisha ya kushoto, kisha ya kulia tena, mkono wenyewe haujatulia. Huyo ndiye mtu wa kusoma ukurasa huu hadi chini.

Kabla hujakata tamaa, kumbuka kwamba wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani, kwenye grini zilizotunzwa kama zulia, huingiza takriban nusu tu ya pati zao za futi 8. Pata nyingi nzuri zimeuzwa Kampala kwa hasira ya kukosa pati ambazo hata wao hukosa.

Kuna mshiko wa kujaribu bila kununua chochote?

Upo: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, kwa anayecheza kulia. Jim Furyk alishinda US Open ya 2003 akishika hivyo, na Jordan Spieth anajulikana kwa mshiko huo. Mabega yanakaa sawa zaidi, na kifundo cha mkono wa kushoto hakikunjiki kirahisi mpira unapopigwa. Siku za mwanzo utahisi umeazima mikono ya mtu mwingine. Kwa maoni yetu, yeyote anayetaka kuanza majaribio aanzie hapa.

Mshiko wa makucha ni upi, na unamfaa nani?

Mkono wa juu unashika kama kawaida. Wa chini haufumbati mpini. Fimbo inapita kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vingine vinalala juu ya mpini, na kiganja kinatazama mwili wako. Ukishika hivyo, mkono wa kulia hauna tena nguvu ya kuchapa, unabaki kuisindikiza pata.

Chris DiMarco aliufanya ujulikane, Sergio García akaushindia Masters ya 2017, na leo utawaona Tommy Fleetwood na wengine wengi wakiutumia kwenye televisheni bila mtu kushangaa. Unamfaa mtu ambaye pati zake ni safi kwenye grini ya mazoezi, lakini akifika futi nne kutoka shimoni, kukiwa na dau la soda za kundi zima, mkono wa kulia unaruka wenyewe.

Ubaya wake uko kwenye umbali. Kwa pati ya futi 40 kwenye grini iliyolowa, vidole vile havina msukumo wa kutosha, na wengi huishia kupiga nusu ya safari. Dawa yake ni rahisi: tumia makucha kwa pati fupi na mshiko wako wa zamani kwa ndefu. Hakuna kanuni inayokudai ushike namna moja raundi nzima.

Pata ndefu si zilipigwa marufuku?

Hapana. Hili ndilo jambo linalosemwa vibaya kuliko yote klabuni.

Kilichokatazwa tangu tarehe 1 Januari 2016 ni kuegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga. Sasa ni Kanuni ya 10.1b. Huwezi kubana mwisho wa mpini tumboni, kifuani au kidevuni, na huwezi kubana kigasha kifuani ili mkono ule uwe bawaba ya fimbo. Urefu wa pata haukuguswa. Fimbo nyingine zote zina kikomo cha inchi 48, lakini pata haina.

Mjadala ulipamba moto kwa sababu mataji makubwa yalifuatana. Keegan Bradley alishinda PGA Championship ya 2011 kwa pata ya tumboni, wa kwanza kushinda taji kubwa kwa kifaa hicho. Webb Simpson akafuata kwenye US Open ya 2012, Ernie Els kwenye The Open mwaka huohuo, na Adam Scott akachukua Masters ya 2013 kwa pata ndefu ya kifuani. Baada ya marufuku, Scott hakuiacha pata yake. Aliusogeza tu mkono wa juu mbali kidogo na kifua. Lucas Glover, aliyeteseka na pati fupi kwa miaka mingi, alihamia pata ndefu mwaka 2023 na Agosti ya mwaka huo akashinda mashindano mawili mfululizo ya PGA Tour. Yote ndani ya kanuni.

Jinsi inavyofanya kazi: mkono wa kushoto unashika juu kabisa, karibu na kifua bila kukibana, na wa kulia unashika chini na kuibembeza fimbo. Vifundo vya mikono havina la kufanya. Uzito wa fimbo unafanya kazi kubwa, na ndiyo maana pati fupi hutulia. Kwa pati ndefu, wengi huhitaji majuma kabla ya kuizoea kasi yake.

Jambo moja la hapa kwetu. Mvua ikianza ukavaa koti, mkono au mpini unaweza kugusa kitambaa. Kugusa tu si kosa. Kosa ni kubana. Ukivunja kanuni hii, adhabu ni mikwaju miwili, au kupoteza shimo kwenye mchezo wa mtu kwa mtu. Hufukuzwi mashindanoni, ingawa wapo watakaokuambia hivyo.

Na ile ya kuegemeza pata kwenye kigasha?

Wengi wanaiita amloki, na inaruhusiwa. Kanuni inakataza kuegemeza fimbo mwilini, lakini inaruhusu kuishikilia dhidi ya kigasha. Mpini, ulio mrefu kuliko kawaida, unalala upande wa ndani wa kigasha cha kushoto, na mkono pamoja na fimbo vinakwenda kama kitu kimoja. Bryson DeChambeau alishinda US Open ya 2020 akipiga hivyo, na Matt Kuchar alikuwa ameutumia mtindo huo kwa miaka kabla yake.

Kosa kubwa tunaloliona ni mtu kuchukua pata yake ya kawaida ya inchi 34 au 35 na kuilazimisha ifike kwenye kigasha. Haifiki, na hata ikifika, kuna tatizo la mlazo wa uso. Pata ya kawaida ina uso uliolazwa nyuma nyuzi tatu au nne hivi, ili mpira unyanyuke kidogo kutoka kwenye nyasi kabla ya kuanza kubingirika. Amloki inainamisha fimbo mbele, kwa hiyo mlazo huo unakwisha au unageuka kuwa hasi, na mpira unagandamizwa chini halafu unaruka. Pata zilizotengenezwa kwa ajili ya amloki zina mlazo mkubwa zaidi, na urefu wa inchi 40 hivi au zaidi kidogo. Kama huna njia ya kupata moja ya kuazima, usijaribu kwa pata ya kawaida kisha ukahitimisha kwamba mtindo wenyewe haufai.

Ninaweza kusimama nikitazama shimo uso kwa uso, nikipiga mpira pembeni mwangu?

Unaweza, mradi miguu yote miwili iwe upande mmoja wa mstari wa pati. Huwezi kuweka mguu mmoja kila upande wa mstari huo, wala kuukanyaga, na marufuku hayo yanahusu pia mwendelezo wa mstari nyuma ya mpira. Hiyo ni Kanuni ya 10.1c. Katazo lilitokana na Sam Snead. Mzee huyo aliposumbuliwa na mikono kwenye pati fupi, alianza kupiga katikati ya miguu yake miaka ya 1960. Kuanzia 1968 mtindo huo ukakatazwa. Snead akahamisha miguu yote upande mmoja, akaendelea kucheza.

Angalia pia fimbo yenyewe. Pata ikikaa kama inavyopaswa kukaa, fimbo lazima iinamie pembeni angalau nyuzi 10 kutoka wima. Anayetengeneza pata iliyosimama wima kabisa ili imfae mtindo huu anatengeneza kifaa haramu, na kupiga mkwaju mmoja kwa kifaa haramu ni kuondolewa mashindanoni, si mikwaju miwili.

Kwa mtu ambaye macho yake yanamdanganya anaposimama pembeni, mtindo huu una faida halisi, kwa sababu macho yote mawili yanaangalia mstari kama mtu anayerusha mshale. Hata hivyo ni wachache wanaoendelea nao. Kasi ni ngumu kuidhibiti, na kwenye mteremko wa kuteremka inatisha.

Kupiga huku nikitazama shimo badala ya mpira?

Spieth amefanya hivyo kwenye pati fupi mbele ya dunia nzima. Jaribu, ni bure, na inafundisha kasi vizuri kuliko kifaa chochote cha dukani. Hata ukishindwa kuitumia mashindanoni, ni zoezi zuri la pati ndefu. Weka mpira, tazama shimo, piga, kisha kisia mpira utasimama wapi kabla haujafika.

Vichwa vikubwa vya pata vina maana, au ni biashara?

Vyote viwili. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha Ping, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba uzito ukiwekwa kwenye ncha mbili za kichwa, pata haipindi sana mpira ukigongwa nje ya katikati. Pata yake ya Anser ya 1966 imenakiliwa na karibu kila mtengenezaji. Jack Nicklaus alipochukua Masters ya 1986 akiwa na miaka 46, alikuwa na pata yenye kichwa kikubwa ambacho watu walikicheka kabla hajashinda. Kanuni bado ni ileile ya uzito wa pembeni: ukikosea kidogo, pata inakusamehe.

Siku hizi kelele ziko kwenye pata ambazo uso wake haupindiki wenyewe unapobembea. J.J. Spaun alishinda US Open ya 2025 pale Oakmont kwa pata ya aina hiyo, ya kampuni ya L.A.B. Golf, akimalizia kwa pati ya futi zaidi ya 60. Kabla hujatuma mamia ya dola, fanya kipimo hiki kwa pata uliyonayo. Lalisha fimbo juu ya kidole kimoja, iwe sambamba na ardhi. Uso wa pata ukitazama juu angani, inafaa mkono unaokwenda nyuma na mbele moja kwa moja. Ncha ya kichwa ikining'inia chini, inadai mkono unaofungua na kufunga kidogo kama mlango. Kutoelewana kati ya mkono na pata ndiko kunakozaa nyingi ya zile pati zinazokwenda kulia bila sababu, na huponyeka hata kwa pata ya mtumba, mradi iwe ya aina inayofanana na mkono wako.

Mpini mnene?

Hupunguza kazi ya vifundo na vidole. Wenye mikono mikubwa na wenye maumivu ya viungo huufurahia mara moja. Kumbuka tu kwamba baadhi yake una uzito, na kichwa cha pata kitahisi chepesi. Wengine hubandika ukanda wa risasi kichwani kurudisha uwiano. Ubandike kabla ya raundi. Ukiubandika au kuubandua katikati ya raundi kisha ukapiga, umejitoa mashindanoni.

Fundi wa Katwe anaweza kunirefushia pata?

Mikono anayo. Swali ni kama unajua cha kumwambia. Fimbo lazima ibaki nyoofu kwenye sehemu yake yote ya juu. Kichwa lazima kiwe kipana kutoka kisigino hadi ncha kuliko kutoka mbele hadi nyuma, kisizidi inchi 7 kwa upana wala inchi 2.5 kwa kimo. Pata inaruhusiwa kuwa na mipini miwili, na mpini wake unaruhusiwa kuwa na upande bapa, jambo lisiloruhusiwa kwenye fimbo nyingine. Inaruhusiwa hata kuwa na nyuso mbili, moja kila upande, mradi zifanane.

Tatizo la kurefusha kwa bomba la chuma ni uzito kwenye mpini na mtikisiko kwenye kiungio. Kwa majaribio ya nyumbani yatosha. Ukitaka kucheza nayo mashindanoni, muoneshe mtu wa kamati kabla ya siku yenyewe. Si vizuri kuanza ubishi kwenye tii ya kwanza, mahali pa kuanzia mchezo, wakati kundi linasubiri.

Mambo haya ya kwenye televisheni yanafaa kwenye grini zetu?

Swali zuri, na jibu linatofautiana na la viwanja vya kwenye televisheni.

Grini nyingi za ukanda wetu zina nyasi za nchi za joto, hasa jamii ya bermuda, ambazo hulala upande mmoja. Ukiziona zinang'aa mbele yako, zinalala kuelekea shimoni na mpira utakimbia. Ukiziona zimekoza rangi, zinakutazama wewe, na mpira utakwama mapema. Chungulia pia ukingo wa shimo: upande uliochakaa na kukauka ndiko nyasi zinakolala. Majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, grini iliyokatwa asubuhi inakuwa nzito kufikia alasiri, kwa sababu nyasi zinakua na udongo una maji.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo wauzaji wa nje hawatakuambia. La kwanza, pata yenye mlazo mdogo sana imetengenezwa kwa grini kavu zenye kasi. Kwetu mpira hukaa ndani ya nyasi kidogo, na unahitaji zile nyuzi tatu au nne ili utoke vizuri. La pili, grini nzito inadai mkono mrefu, na mkono mrefu hufichua udhaifu wa kila mshiko. Mtindo uliokupendeza kwenye zulia la sebuleni unaweza kuvunjika kwenye pati ya futi 25 baada ya mvua ya saa tisa. Upime huko, usiupime sebuleni peke yake.

Aliyewahi kucheza kwenye viwanja vyenye grini za michanga iliyomwagiwa oili, ambavyo bado wazee wanavikumbuka, ana bahati tofauti. Mchanga ukishalainishwa hauna nyasi wala mlalo, mpira hupinda kidogo tu, na anayeanza mpira wake kwenye mstari anavuna zaidi kuliko msomaji hodari wa miteremko.

Na yule kedi, mbeba fimbo, anayekuambia mpira wa Entebbe unavutwa na ziwa hajakosea, ila sababu ni mteremko. Ardhi inashuka kuelekea majini, na jicho lililozoea mteremko huo linaona tambarare mahali ambapo hakuna. Mwamini kuliko macho yako.

Mwinuko wa Kampala unaathiri pati?

Hapana. Unaathiri dreva, fimbo ya kupigia mbali.

Jinja, kiboko akipita juu ya grini?

Klabu ya Jinja iko jirani na Mto Nile, na habari za viboko kuja kula nyasi uwanjani ni za tangu enzi za wakoloni. Kwa pati yako, Kanuni ya 13.1c inakuruhusu kurekebisha alama za wanyama kwenye grini, pamoja na alama za viatu na mashimo ya mipira iliyoanguka. Zamani alama za viatu hukuruhusiwa kuzigusa. Mabadiliko yalikuja 2019. Kiboko mwenyewe usimrekebishe.

Mkono wangu unaruka kwenye pati fupi. Ni ugonjwa?

Wanagofu wanaita yipsi. Kuna ya wasiwasi, inayokuja watu wakitazama na dau likiwa kubwa, na kuna ya mishipa ya fahamu, ambapo misuli inajikaza yenyewe hata ukiwa peke yako. Ya pili hutokea zaidi kwa watu waliocheza miaka mingi, na haihusiani na woga. Ikiwa mkono unatetemeka pia unapoandika au unaposhika kikombe, mwone daktari, si mwalimu wa gofu.

Kwa yipsi ya grini, kubadilisha mshiko husaidia kwa sababu ubongo unapewa kazi mpya isiyo na kumbukumbu mbaya. Bernhard Langer alipambana nayo zaidi ya mara moja, akabadilisha mishiko, akabadilisha pata, na katikati ya hayo akashinda Masters ya 1985 na ya 1993. Ukisoma maisha yake ya gofu utaona jambo lingine: dawa moja haikumtosha. Kila mshiko ulifanya kazi kwa muda, na yipsi iliporudi alitafuta mwingine. Hatuoni aibu yoyote katika hilo. Anayepiga kwa makucha mwaka huu na kwa pata ndefu mwaka ujao si mtu asiye na msimamo, ilimradi kila badiliko limepewa nafasi ya kutosha.

Nafasi ya kutosha ni kiasi gani?

Badilisha kitu kimoja. Ukibadilisha mshiko, bakia na pata yako. Ukibadilisha pata, bakia na mshiko wako. Anayebadilisha vyote pamoja akifanikiwa hajui kilichomsaidia, na akishindwa anavitupa vyote.

Kisha weka daftari. Usiandike idadi ya pati kwa raundi peke yake, kwani idadi hiyo hudanganya. Mtu anayechipu (kuurusha mpira kidogo kuupandisha grini) karibu na shimo atakuwa na pati chache hata akiwa mpigaji mbaya. Andika pati za ndani ya futi 6: ulipata ngapi, ulikosa ngapi, na uliokosa ulipita upande gani. Andika pia grini ambazo ulipiga pati tatu. Safu hizo mbili zitakuambia ukweli baada ya raundi kadhaa, na zitakuambia mapema kuliko hisia zako, ambazo siku zote hupenda kitu kipya kwa raundi mbili za kwanza halafu hukichukia.

Majaribio ya kwanza yafanye kwenye grini ya mazoezi, kisha raundi za kirafiki, kisha mashindano. Usianze mtindo mpya kwenye raundi ya hendikapu, ile inayohesabiwa kupima kiwango chako.

Naweza kubeba pata mbili kwa wakati mmoja?

Ndiyo, mradi fimbo zote zisizidi 14. Kwa mchezaji wa hendikapu ya juu ambaye hajawahi kuipiga ile aini (fimbo ya chuma) ya namba 3 ikaenda mahali pazuri, hilo ni badilishano zuri: ndefu kwa futi 6 kushuka chini, ya kawaida kwa zilizobaki.

Kedi ananicheka.

Atacheka mpaka uanze kuingiza. Lakini mweleze mapema unajaribu nini, maana kedi mzuri wa Kitante ameona mikono ya watu wengi kuliko walimu wengi na atakuambia kama kichwa kinatikisika au uso unafunguka. "Mzee, leo kichwa kimetulia, ila unasimama mbali na mpira" ni sentensi yenye thamani kuliko pata mpya. Kanuni inamruhusu kukuonesha mstari, lakini haruhusiwi kuweka kitu chini kama alama, wala kusimama nyuma yako kwenye mstari unapojipanga kupiga.

Nyumbani sina grini. Nifanyeje?

Rula ya chuma ya mita moja, kama wanazotumia mafundi cherehani, ilaze kwenye sakafu ya saruji. Mpira uliokaa juu yake ukipigwa na uso ulionyooka utafika mwisho. Uso ukiwa wazi nyuzi moja hivi tu, utaanguka kabla. Hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda rula hiyo kwa ukali. Ukiwa na ua, uzi wa mafundi ujenzi uliofungwa kwenye misumari miwili juu ya mstari wa mpira unakufundisha kulenga. Uzi huo usiupeleke kwenye raundi.

Bendera niitoe au niiache?

Tangu 2019 unaruhusiwa kuiacha shimoni, na mpira ukiigonga hakuna adhabu. Kwa pati ndefu na za kuteremka tunashauri iache. Kwa fupi, itoe ikiwa upepo wa ziwa unaitikisa, kwa sababu mpira unaweza kugonga mti wake ukatoka. Ikiwa imeinamia upande wako, unaruhusiwa kuinyoosha iwe katikati, lakini huruhusiwi kuiinamisha upande unaokufaa. Mwambie kedi uamuzi wako kabla ya kupiga. Ukishaamua ibaki na mpira ukawa unakwenda, asiiondoe ili isigongwe na mpira: hiyo ni mikwaju miwili juu yako, si juu yake.